Tulimlilia Mzee Ojwang', jasho lake je?

Nilipokuwa nikisomea diploma Nairobi nilipanga chumba Gatwekera, Kibera. Runinga ilikuwa moja kwa ploti nzima, na Vitimbi ikianza KBC mlango haufungiki kwa watu. Mjaluo, Mluhya, Mnubi na mimi wa pwani, sote twacheka pamoja na Mzee Ojwang'.

Alipofariki Julai 2015 nilikwenda kuwatazama majirani wa zamani. Tulikaa kama waliofiwa na mjomba. Mmoja akakumbusha kuwa jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wakampenda. Katika mtaa ulioungua baada ya uchaguzi wa 2007, hilo si jambo dogo.

Lakini nina swali. Macho yalipomfifia, Wakenya walichanga pesa atibiwe. Wema huo nausifu. Ila mchango ni hisani, malipo ni haki. Mtu aliyetuchekesha miaka nenda miaka rudi, vipi afikie kuchangiwa? Twalia kwa kuwa ujana wetu umezikwa naye, kisha twawasahau waliobaki.

Sisi tumefunzwa kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho halijamkauka. Basi waigizaji wa enzi hizo walio hai, na waimbaji wetu wa taarabu hapa pwani, walipwe kila kazi yao inaporudiwa hewani. Tanzia nzuri haimnunulii mgonjwa dawa.