MASHINE YA BOTI HAINUNULIWI KWA JINA

Kwa mwananchi wa Mafia bahari si mahali pa kwenda kutembea. Bahari ndiyo shamba lake, ndiyo barabara yake, na mara nyingine ndiyo njia ya pekee ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari. Kwa karne nyingi wazee wetu waliipita njia hiyo kwa tanga na kasia, wakisubiri kusi na kaskazi. Leo vijana wao wanataka mashine, na sisi hatuoni ubaya wowote katika haja hiyo. Mvuvi anayerudi pwani mapema huuza samaki wakiwa bado wabichi, na aliyeona wingu jeusi huwahi kutia nanga kabla ya dhoruba.

Lakini haja njema ikikosa elimu huzaa hasara. Katika matembezi yetu huko Kiegeani tulioneshwa mashine ya kupachika iliyofunikwa gunia chini ya mkorosho. Kikundi cha vijana kiliinunua kwa fedha ya mkopo, baada ya kumwamini mwuzaji mmoja wa mjini aliyewaambia kwamba ni mashine ya sifa na kwamba bei yake haipatikani kokote. Ilifanya kazi miezi michache, kisha pampu yake ya maji ikaharibika. Kipuri hakikuonekana Kilindoni, wala Dar es Salaam, na mwuzaji naye hakuonekana tena. Mashine imelala, ila deni halijalala.

Kwa hiyo basi, leo tunapenda kusema wazi na yule ndugu yetu anayejiandaa kununua boti yake ya kwanza. Watu humwuliza, "Utachukua Yamaha au Suzuki?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: siku mashine itakapokataa, nani ataitengeneza, kwa kipuri gani, na kipuri hicho kitafika kisiwani baada ya siku ngapi? Jina lisilokuwa na jibu la swali hilo ni rangi tu juu ya bati.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi huanza na mashine na hapo ndipo wanapopotea. Mashua ya mbao yenye futi 25 majini, kwa hesabu za mafundi wa vyombo, kasi yake ya kawaida haipiti noti 7, yaani kilomita 12 au 13 kwa saa. Umbo lake limeumbwa kukata maji, si kupaa juu yake. Ukiifunga mashine ya nguvu za farasi 40 mahali ambapo 15 zingetosha, hutapata kasi mara mbili. Utapata bili ya petroli kubwa zaidi na mbao zitakazoanza kuachana kalafati. Boti nyepesi ya fiba yenye kitako bapa ndiyo inayoweza kuinuka ikipewa nguvu, nayo isipewe nguvu kupita kipimo kilichowekwa na aliyeiunda.

Wapo pia wanaotaka boti ya kuwapeleka wageni kuwatazama papa potwe, wanaokaribia maji ya Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi. Nao tunawakumbusha kwamba kazi hiyo ni ya mwendo wa taratibu. Rafadha inayokwenda kasi humjeruhi potwe, na akiondoka potwe mgeni naye haji.

Jambo jingine dogo linalowagharimu wengi ni urefu wa mguu wa mashine. Zipo zenye mguu mfupi wa inchi 15 na zenye mguu mrefu wa inchi 20. Mguu mfupi juu ya ubao mrefu wa tezi huifanya rafadha ikoroge hewa kila wimbi linapopita. Mguu mrefu juu ya ubao mfupi huburuza na kugonga mwamba maji yakitoka. Mnunuzi asiende dukani kabla ya kupima ubao wa tezi kwa futikamba.

Sasa tuyaangalie hayo majina. Yamaha ya Japani ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu, hasa zile za Enduro zilizoundwa kwa kazi ngumu. Faida yake ni kwamba fundi wa kijijini anaijua, na vipuri vyake huonekana katika maduka mengi. Hasara yake inatoka katika sifa hiyo hiyo: kinachopendwa na wengi ndicho kinachoigwa na wadanganyifu, na vipuri bandia vyenye jina hilo vipo. Suzuki na Honda, nazo za Japani, zinasifika kwa mashine zisizokula petroli nyingi. Honda ilianza kuunda mashine za namna hiyo tangu mwaka 1964. Tohatsu ni kongwe kuliko hizo, kwani mashine yake ya kwanza ya kupachika ilitoka mwaka 1956. Mercury ni ya Marekani, na kampuni yake ilianza mwaka 1939. Kutoka China kuna Parsun na Hidea, ambazo kwa kawaida bei yake iko chini ya zile za Japani.

Asiyejua atadhani kwamba kila jina ni kiwanda chake. Sivyo. Kwa miaka mingi mashine nyingi ndogo za Mercury zimeundwa Japani kwa ubia na Tohatsu, zikatofautiana rangi na maandishi. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya jina huenda amelipia maandishi. Kadhalika, wazee wetu wanazikumbuka Johnson na Evinrude, zilizokuwa fahari ya mwenye chombo. Ole Evinrude aliuza mashine zake tangu mwaka 1909, lakini mwaka 2020 uundaji wa Evinrude ulisimamishwa kabisa, na Johnson ilikuwa imekwisha kutoweka kabla yake. Kama jina la zaidi ya miaka 100 linaweza kuzima, mwenye kununua kwa jina tu anajenga juu ya mchanga.

Baada ya jina inakuja petroli, na hapa ndipo penye hesabu nzito kuliko bei ya dukani. Mashine za tu-stroki, yaani zile ambazo oili huchanganywa na petroli, ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na hufunguliwa kwa spana chache. Mashine za fo-stroki zina oili yake mbali. Ni nzito na ghali zaidi, lakini hula petroli kidogo na moshi wake ni haba. Huko Ulaya na Marekani sheria za kulinda hewa zimeziondoa madukani tu-stroki za mtindo wa zamani. Kwetu bado zinauzwa, na mnunuzi ana hiari.

Tuchukue mfano. Mashine ya farasi 15 ya tu-stroki ikienda kasi yote hula kiasi cha lita 7 kwa saa. Ya fo-stroki hula kiasi cha lita 5. Mvuvi akitembea saa 3 kwa siku, tofauti ni lita 6. Tukiiweka lita moja kuwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 18,000 kwa siku, na kwa siku 20 za kazi ni shilingi 360,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 4. Wala hatujahesabu oili ya kuchanganya. Kwa mvuvi anayekwenda mbali kila siku, mashine iliyokuwa ghali dukani ndiyo rahisi baharini. Lakini anayekwenda nusu saa tu na kurudi hataiona faida hiyo upesi, na kwake tu-stroki ambayo fundi jirani anaijua yaweza kuwa chaguo la busara. Mwenye mashua kubwa naye asisahau mashine ya ndani ya dizeli, ambayo ni nzito na ya mwendo wa pole, lakini kwa mafuta ina ubahili mkubwa. Kila mmoja apige hesabu yake, kwa kalamu na karatasi.

Mnunuzi anapofika dukani tunamshauri asitoe fedha kabla ya kuoneshwa vitu vinne: impela ya pampu ya maji, plagi, rafadha ya akiba na vifaa vya kabureta, vyote vya mashine ile ile anayoitaka. Mwuzaji akisema vitaagizwa, huyo anauza mashine nusu. Kisha aulize dhamana iliyoandikwa, namba ya mashine iwe katika risiti, na mashine iwashwe mbele yake huku maji ya kupoza yakionekana kutoka. Kwa mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo tahadhari iwe mara mbili, maana rangi mpya huficha kutu ya miaka kumi. Asiyejua kuipima aende na fundi wake, amlipe nauli. Nauli hiyo ni ndogo kuliko majuto.

Halafu kuna suala la deni. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ili kuwakopesha bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Januari 2024, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo ya masharti nafuu. Hizi ni nafasi za heri kwa wanyonge. Hata hivyo mkopo usio na riba bado ni mkopo. Tuliokaa chuoni utotoni tulifunzwa kwamba deni huandikwa na mashahidi huwekwa. Na wahenga wakanena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kikundi kiandike petroli iliyoingia, samaki waliouzwa, na fungu la mashine liwekwe pembeni kila safari kabla ya kugawana. Mashine nayo ni mwanachama. Isipopewa haki yake itagoma.

Wajibu si wa mnunuzi peke yake. Wafanyabiashara wanaoleta mashine Mafia hawana budi kuleta na vipuri vyake, wakijua kwamba mwenzao wa bara akikosa kipuri hupanda basi, bali mvuvi wa kisiwani hukosa riziki. Halmashauri nayo, kabla ya kukikopesha kikundi, ingefaa ikiulize ni fundi gani atakayeitunza mashine, kama inavyouliza katiba ya kikundi. Tena ingefaa ipeleke vijana wachache wa Kiegeani na vijiji vingine kujifunza mitambo ya vyombo katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo. Fundi mmoja aliyesoma ana thamani kuliko mashine kumi zilizolala. Na wenye boti wasikimbie ukaguzi wa TASAC wala leseni ya afisa uvuvi. Mkaguzi anayeuliza jaketi la kuokolea maisha anauliza kwa niaba ya mama yako.

Matunzo nayo si siri. Mashine ioshwe kwa maji matamu kila inapotoka baharini, vipande vya zinki vibadilishwe vikiliwa na chumvi, oili ya gia itazamwe, na petroli ichujwe isiingie maji. Mwenye kufanya haya ataikuta mashine ya bei ya kati ikiishi kuliko mashine ya kifahari ya jirani asiyejali.

Tunamalizia kwa jambo moja ambalo vijana hulicheka. Mwenye kununua mashine asiuze tanga lake. Aliweke chini ya taruma pamoja na makasia, nanga na maji ya kunywa. Kila mashine, iwe ya Japani, ya Marekani au ya China, ipo siku itanyamaza katikati ya mkondo, na wakati huo haulizwi mtu alinunua jina gani. Huulizwa kama aliondoka pwani akiwa amejiandaa kurudi.