Mtoto wa Miaka Minne si Kuruta

Msomaji kijana, jina la Kiganjo likitajwa popote katika Kenya, watu hukumbuka polisi. Hapo, karibu na mji wa Nyeri, ndipo kilipo chuo ambacho makuruta hupigishwa gwaride, hufundishwa kusimama kama mlingoti, kujibu kwa sauti moja na kutotikisika mpaka amri itolewe. Sina ugomvi na gwaride hilo. Kuruta ni mtu mzima. Alikwenda kwa hiari yake, na kazi aitakayo yahitaji utii wa namna hiyo. Ugomvi wangu ni na gwaride la pili, lile linalopigwa katika vyumba vingi vya chekechea vya sehemu zetu hizi, toka Karatina mpaka Nanyuki, ambalo makuruta wake wana umri wa miaka minne.

Ingia katika chumba kimoja utazame. Watoto wamebanana madawatini, mikono imekunjwa kifuani. Mwalimu agusa ubao kwa kijiti, nao wapaza sauti. Herufi ya kwanza, waambiwa, ni ya tunda la tufaha, ambalo wengi wao hawajapata kulionja, ilhali nje ya dirisha mparachichi umeinama kwa uzito wa matunda. Yote hayo huimbwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyelelewa kwa Kigikuyu hajui kama aimba habari za chakula au za mnyama. Kisha hupewa daftari ajaze ukurasa mzima tarakimu moja. Jioni hurudi nyumbani na kazi nyingine. Na hapa, msomaji, nawe umo. Wewe ndiwe uliyeagizwa kumshika mdogo wako mkono chini ya taa mpaka ukurasa ujae, na wewe ndiwe umwitaye mjinga asinziapo.

Uutazame vema mkono huo uushikao. Mtu mzima ana vifupa 8 katika kifundo cha mkono. Katika mkono wa mtoto wa miaka minne baadhi ya vifupa hivyo vingali gegedu laini, havijawa mfupa. Anapoikosea mistari hana uvivu wala ukaidi. Ametakiwa afanye kazi kwa chombo ambacho hakijamalizika kuundwa. Chombo hicho hutengenezwa kwa kufinyanga udongo, kukamua kitambaa, kuchambua maharagwe na kufunga mafundo, yaani kwa mambo yale yale ambayo mtoto hukaripiwa kwayo kwamba achezacheza.

Wanaolitetea gwaride hili si watu wabaya, na hoja yao yafaa isikizwe. Mzazi aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe, au aliyengoja malipo ya kahawa miezi mingi, ametoa karo kwa taabu. Ataka kuona kitu kwa fedha yake, na daftari lililojaa ni kama stakabadhi. Mchezo, asema, mtoto atacheza nyumbani bure. Wenye shule za kulipiwa waijua hofu hiyo, nao huifanyia biashara: hujisifu kwamba kwao mtoto husoma kabla hajatimiza miaka mitano, na jirani aliye na shule ya namna nyingine hupoteza wanafunzi.

Kosa la hoja hii ni kudhani kwamba mchezo ni mapumziko baada ya kazi. Mpe mtoto punje za mahindi, maharagwe na vizibo vya soda. Hutenga kwa rangi, hupanga kwa ukubwa, hugombana na mwenzake nani ana vingi zaidi, na ili ugomvi uishe hulazimika kuhesabu. Mpe ndoo ya maji na makopo mawili, jembamba na pana. Atamimina mpaka agundue kwa mikono yake kwamba kopo refu si lazima lichukue maji mengi. Mwenzake wa dawatini aweza kuimba tarakimu mpaka 100, ila ukimwomba akuletee maharagwe saba akaleta gao zima. Yupi kati yao ameanza hesabu?

Mazoea ya kukaa kimya yana asili yake. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Nyeri na wilaya jirani katika vijiji vyenye ulinzi. Kina mama walilazimishwa kazi, na watoto wakawekwa pamoja wapate kuangaliwa na kunyweshwa uji. Baada ya uhuru wa 1963 wananchi walijenga shule za chekechea kwa Harambee, jambo la kuwashukuru. Lakini mlezi mara nyingi alikuwa mwanakijiji asiye na mafunzo, akaiga shule pekee aliyoijua, ile aliyosomea mwenyewe. Baadaye zikaja shule za msingi zilizowatahini watoto wadogo kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na chekechea ikawa chumba cha kungojea mtihani.

Tangu mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoanza mradi wa elimu ya awali mjini Nairobi, wataalamu wetu wamesema mtoto hujifunza kwa kucheza. Mtaala ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 wasema hivyo pia, tena wataka lugha ya mahali itumike. Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa elimu hii na Katiba ya 2010, zaujua mtaala huo. Hata hivyo mwalimu mwenye ujira mdogo na watoto wengi huona gwaride ndilo jepesi, nami simlaumu yeye kwanza.

Husemwa kwamba elimu ya michezo ni anasa ya matajiri. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Tena hatuna haja ya kwenda Roma. Katika miaka ya 1980, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said alisaidia kuanzisha shule za awali za madrasa miongoni mwa Waislamu wa kipato kidogo. Wazazi na walimu walitengeneza vifaa kwa vifuu vya nazi, kombe za baharini na mabaki ya vitambaa. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Kiganjo hakuna kombe, lakini kuna magunzi, mbegu za parachichi, maganda ya makadamia na mchanga.

Basi mdogo wako akirudi leo na ukurasa wa kujaza, umwachie daftari mkobani. Mkamwage maharagwe mkekani, na kesho mama akienda shuleni, nenda naye mkamwulize mwalimu watoto hucheza saa ngapi, na kwa vitu gani.