Hata Maswali Tunaazima?

Nina hasira leo, mnivumilie.

Juzi mhariri alinituma kwenye ile kazi ambayo kila mwandishi wa habari wa Bongo anaijua: hafla ya kukabidhi fedha za utafiti wa afya. Ukumbi wa hoteli, mabango, maji ya chupa, sambusa, mgeni mmoja kutoka ubalozini, kigogo mmoja wa wizara, hotuba mbili ndefu na picha ya pamoja. Nikarudi chumba cha habari, nikaandika kwamba wafadhili wamemwaga mamilioni, habari ikatoka ukurasa wa tano. Kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikuuliza, kaswali kamoja tu: nani aliamua kwamba hicho ndicho tunachotakiwa kukitafiti?

Aibu yangu ni kwamba swali hilo nilikwishafundishwa.

Oktoba 2023 nilikwenda kumwona mhadhiri mmoja wa sayansi za tiba. Simtaji jina wala chuo chake, maana bado anakula mshahara pale. Nilimfuata kwa habari nyingine kabisa. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, mdogo wangu, ila leo hunipati." Macho mekundu, chai imepoa mezani, mafaili mpaka sakafuni. Alikuwa anamalizia andiko la kuomba fedha NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mfuko wa umma wa utafiti wa tiba ambao hakuna mwingine duniani unaoufikia kwa ukubwa. Bajeti yake inazidi dola bilioni 45 kwa mwaka.

Kwa wasiojua, kuomba fedha hizi si kuandika barua ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kwa aina ya fedha aliyokuwa anaiomba unaandika ukurasa mmoja wa malengo na kurasa 12 za mpango wa utafiti. Juu ya hapo kuna lundo la viambatisho: bajeti, wasifu wa kila mshiriki, barua za washirika, maelezo ya jinsi utakavyowalinda watu utakaowapima. Tena chuo chako lazima kiwe kimesajiliwa kwenye mfumo wa serikali ya Marekani uitwao SAM, na usajili huo unahuishwa kila mwaka. Ukishatuma, wataalamu wanakusoma na kukupa alama kuanzia 1 mpaka 9, na 1 ndiyo bora. Maandiko mengi hata hayafiki kwenye mjadala wa kikao. Kwa miaka mingi, katika kila maandiko matano lilikuwa linapita moja hivi. Na hapo unashindana na watu wa vyuo vyenye ofisi nzima ya kuwaandalia bajeti.

Siku ya mwisho ilikuwa Oktoba 5, saa 11 jioni. Saa 8 mchana Dokta akagundua kwamba usajili wa chuo ulikwishakufa. Aliyekuwa na neno la siri la mfumo alikuwa amehamia Dodoma. Akapigiwa simu, haipatikani. Miezi minne ya kuandika usiku, kwa sababu mchana anafundisha, ikaishia hapo. Dirisha lililofuata lilikuwa Februari.

Dokta akacheka. Unakijua kile kicheko cha mtu aliyekosa basi la mwisho? Kile.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kichwa cha andiko lenyewe. Nikamwuliza, "Dokta, si ulishaniambia wewe unataka kutafiti sumukuvu kwa watoto? Mbona hapa umeandika habari za VVU?" Akaniangalia kama mtoto mdogo. "Mdogo wangu, tangazo la fedha lililopo ni la VVU. Ukitaka kutafiti mguu, andika mguu wa mtu mwenye VVU."

Sumukuvu, kwa aliyesahau, ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Inaharibu ini, na ukiila kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini. Mwaka 2016 iliua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ndiyo ugali. Ndiyo uji wa mtoto wa miezi sita. Kama kuna swali ambalo ni letu kwa damu na kwa tumbo, ni hilo. Na mtu mwenye elimu ya kulijibu inabidi alifiche ndani ya swali la mwingine, kama mtu anayevusha magendo Namanga.

Sisemi VVU si tatizo letu. Nimezika ndugu, na ninyi mmezika. Ninachosema ni kwamba swali linapochaguliwa Washington, Brussels au London, sisi tunabaki kuwa mahali pa kuchukulia damu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi tumevuka nguo, tunaazima mpaka maswali.

Najua kuna atakayeniambia: kijana, acha kutukana mkono unaokulisha. Haya, tuseme ukweli wote. Fedha za nje zimefanya kazi kubwa hapa. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi. Kwa fedha za nje watafiti walionyesha, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Matokeo yakachapishwa mwaka 2001, na tangu 2004 mama zetu na dada zetu wakaanza kupewa Hati Punguzo kliniki. Muhimbili nako, Dk. Julie Makani alipata fedha za Wellcome Trust ya Uingereza akajenga utafiti wa selimundu, ugonjwa ambao inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka. Hakuna mwenye akili atakayedharau hayo.

Lakini soma tena. Selimundu ni ugonjwa wetu, tumeujua vizazi na vizazi. Kwa nini Mtanzania aliyetaka kuuelewa alipata fedha kutoka London? Angekosa kule, angekwenda kuomba wapi?

Sasa kuna tarakimu moja naomba muikariri: 8. NIH inapotoa fedha kwa chuo cha nje ya Marekani, ile sehemu ya gharama za uendeshaji (umeme, wahasibu, paa, intaneti, ofisi ya kufuatilia vibali) imekuwa asilimia 8. Vyuo vya Marekani vyenyewe kila kimoja kinapatana kiwango chake na serikali yao, na Harvard ilikuwa asilimia 69. Februari 2025 serikali ya Trump ikatangaza kwamba wote watapata 15. Wacha wapige yowe! Walikwenda mahakamani, wakasema kwa asilimia 15 maabara zitafungwa na wagonjwa watakufa. Mahakama ikazuia.

Umeona? Asilimia 15 kwao ni kifo. Sisi miaka yote tumeishi na 8 na tunasema asante, tunapiga na picha. Halafu tunashangaa kwa nini neno la siri la chuo kizima linakaa kichwani mwa mtu mmoja. Hakuna fedha ya kuajiri wa pili. Mfadhili hatoi, serikali yetu haitoi, kwa hiyo Dokta ndiye mtafiti, ndiye mhasibu, ndiye tarishi.

Na mwenye mali anapobadili mawazo? Tumeona. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada ya nje kwa amri ya siku moja. Afrika Kusini, mradi wa majaribio ya chanjo ya VVU ulioongozwa na Waafrika wenyewe ulisimamishwa kabla haujaanza kuchanja. Mei 2025 NIH nayo ikatangaza kusimamisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kuwagawia fedha washirika wao wa nje, mpaka utungwe utaratibu mpya. Huo ndio mlango ambao wengi wa akina Dokta walikuwa wanapitia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu hata ndugu si ndugu.

Watakwambia nchi maskini haina fedha. Jamani! Mwaka 1980 viongozi wa Afrika walikutana Lagos wakakubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Januari 2007 wakakutana Addis Ababa wakahimizana tena asilimia 1 ile ile. Kenya wao waliiandika mpaka kwenye sheria ya 2013, tena asilimia 2 kwa mfuko wao wa utafiti. Kwenye karatasi sisi Waafrika hatujambo.

Tupige hesabu ya darasa la saba. Pato la Tanzania kwa mwaka ni zaidi ya dola bilioni 75. Asilimia 1 ni dola milioni 750. Haya, serikali isitoe zote, itoe sehemu ya kumi tu ya ilichoahidi: dola milioni 75. Ukiwapa watafiti dola laki moja kila mmoja, unapata miradi 750 kwa mwaka. Mia saba na hamsini! Sumukuvu, kuumwa na nyoka, selimundu, shinikizo la damu la mama zetu, vyote vingepata mtu wa kuviulizia. Usiniambie hakuna fedha mpaka utakaponionyesha tumeacha kununua mashangingi na kulipana posho za vikao.

Tangu 2022 Wizara ya Elimu imeanza kutoa zawadi ya hadi shilingi milioni 50 kwa wahadhiri wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa. Ni jambo zuri, nalipongeza. Lakini ni kumvisha medali mkimbiaji ambaye viatu kanunuliwa na jirani. Zawadi inakuja mwishoni. Fedha ya kuanzia iko wapi? Tunayo COSTECH kwa sheria ya 1986, tunao mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi ndani yake. Chombo tunacho. Tatizo ni kwamba tumekijenga tukasahau kukijaza.

Kuna hoja moja ya wapinzani wangu ambayo naiheshimu. Wanasema: serikali ikilipa, serikali itachagua swali, na ikichukia jibu itakula kichwa cha mtu. Hoja hii si ya kubuni. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, alitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha dalili za virusi vya Zika nchini. Muda mfupi baadaye uteuzi wake ukatenguliwa. Alikwenda Shirika la Afya Duniani, akapanda mpaka kuongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na akafariki 2022. Dunia ilimpokea mtu ambaye sisi tulimtoa.

Kwa hiyo sidai waziri apewe begi la fedha agawe. Nadai vitu vinne, na si vikubwa. Kiasi kiandikwe kwenye sheria, kisisubiri huruma ya bajeti. Maandiko yachaguliwe na wanasayansi wenzao, majina ya waliopata na mada zao yatangazwe hadharani kama matokeo ya kidato cha nne. Gharama za uendeshaji zilipwe kiwango cha kweli. Na mtafiti asifukuzwe kazi kwa sababu ya jibu.

Na sisi waandishi? Mimi wa kwanza nakiri kosa. Tunajua bei ya kiungo wa Simba na wa Yanga, hatujui bajeti ya utafiti ya chuo tulichosoma. Kuanzia sasa, nikitumwa tena kwenye hafla ya sambusa, nitanyosha mkono niulize: swali hili ni la nani? Wakinitoa nje, nitaandika kwamba wamenitoa nje.

Dokta nilimpigia wiki hii kabla ya kuandika haya. Sumukuvu bado hajaipatia fedha. Sasa hivi anaandika andiko jingine, la Ulaya safari hii. Nikamwuliza linahusu nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri kwanza nisome tangazo linataka nini."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ugali uliokula jana ulipimwa na nani?