Umeiandika Shule Yako Kwenye Wosia?

Naomba nianze na swali la uchuro. Ukifa usiku wa leo, nani anachukua nini?

Najua umeshasema "ashindwe kwa jina la Yesu". Haya, ashindwe. Lakini swali liko palepale, na mimi leo nina swali la pili nyuma yake: kwenye hivyo vitu vyako, ile shule ya masista iliyokufundisha kuandika sentensi iliyonyooka ina fungu lolote?

Nilirusha swali hili kwenye kundi letu la waliosoma pamoja. Majibu yalikuja haraka kuliko hata tangazo la msiba. Mmoja akasema Kanisa lina hela kutuzidi wote. Mwingine akasema wosia ni wa wazee. Wa tatu akaniuliza kama naumwa. Nikaona basi, hili ni la kuandikia.

Kwanza niweke wazi ninachokitetea ili tusizunguke. Nasema sisi wenye miaka thelathini na kitu, tuliosomeshwa kwenye shule za Katoliki na leo tuna viwanja Goba na Kigamboni, tuna hisa, tuna akiba kwenye SACCOS, tuandike wosia sasa hivi, na ndani yake tuitengee shule fungu. Hata asilimia tano. Na fungu hilo liandikwe kuwa ni la mtoto aliyefaulu na hana ada. Siyo la geti jipya, wala la basi lenye picha ya Bikira Maria ubavuni.

Kwa nini mtoto wa ada? Tazama tulikotoka. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na watoto wao wa kwanza darasani walikuwa waliokombolewa utumwani. Hakuna aliyewauliza stakabadhi ya benki. Gharama zile zililipwa na waumini wa Ulaya, wengi wao watu wa kawaida tu, wakiwemo walioacha chochote walichokuwa nacho kwa ajili ya misheni ambayo wasingeiona kamwe. Kwa miaka mingi shule zetu zimeishi kwa mtindo huo: sista anaandika barua kwao Ujerumani au Italia, kontena linakuja, bweni linajengwa.

Leo yule sista amezeeka, na huko kwao miito imepungua na nyumba za kitawa zinafungwa. Shule imebakiwa na mfuko mmoja tu, nao ni wa mzazi. Serikali ilifuta ada kwenye shule zake kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza cha tano na cha sita. Shule za Kanisa haziwezi kufanya hivyo. Mishahara ya walimu, mahindi, maharage, maji na umeme vyote vinatoka kwenye ada. Matokeo yake tunayaona. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya mtoto wa mtumwa sasa inamsomesha mtoto wa meneja. Mtoto wa mlinzi wa shule hiyohiyo anapita nje ya uzio na madumu ya maji.

Hili linaniuma, na siwalaumu masista peke yao. Sisi tuliokula matunda tunafanya nini? Tunachangia harusi. Kadi ya singo, kadi ya dabo, kamati inakutana wiki kumi mfululizo, laki mbili zinatoka bila mtu kuguna. Shuleni tunarudi siku ya jubilei, tunapiga picha na mwalimu wa hesabu, tunatoa elfu hamsini kwenye harambee na kuondoka na vumbi letu.

Hebu tupige hesabu ya kijiweni. Tuseme watu arobaini wa darasa moja, kila mmoja akaacha milioni tano. Hizo ni milioni mia mbili. Zikawekwa kwenye hati fungani za serikali au vipande vya mfuko wa uwekezaji, tuseme zikazaa asilimia kumi kwa mwaka, ni milioni ishirini. Kama ada ni milioni mbili na nusu, hao ni watoto wanane kila mwaka, na mtaji haujaguswa. Bila shaka hatutakufa wote siku moja (ashindwe tena), na kupanda kwa bei kutakula sehemu, kwa hiyo hesabu haitakuwa safi namna hiyo. Lakini huo ndio utaratibu wenyewe. Mfuko wa kudumu: unakula mayai, kuku unamwacha.

Na msiniambie ni mambo ya Wazungu. Nenda pwani. Waislamu wamekuwa na wakfu kwa karne nyingi. Mtu anaiweka nyumba yake wakfu, kodi yake inatunza msikiti au madrasa vizazi na vizazi. Zanzibar ina Kamisheni nzima ya Wakfu na Mali ya Amana. Sheria ya Kiislamu imeweka hata mpaka: unaweza kusia hadi theluthi moja ya mali yako kwa asiye mrithi, theluthi mbili ni za warithi. Sisi Wakristo wa bara tumeachiwa uhuru mkubwa zaidi, na tunautumia kufa bila kuandika chochote.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo watu wenye nia njema wanapopotea. Mimi si mwanasheria, lakini kazi yangu imenikalisha sana kwenye mabenchi ya mahakama nikisikiliza kesi za mirathi, na nimesoma vya kutosha kujua pa kuogopa.

Tanzania haina sheria moja ya mirathi. Kuna ya Kiislamu, kuna ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963, halafu kuna ile ambayo Mkristo aliyeachana na maisha ya kimila anaweza kuhukumiwa nayo, nayo ni, shikilia kiti, Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, India. Waingereza walituletea, tukabaki nayo.

Kwa mila, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wakiwemo wa ukoo. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wawili. Hiyo si ngumu. Ngumu iko kwenye ile ya India. Kifungu chake cha 105 kinasema mtu mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya huyo hawezi kuacha mali kwa ajili ya dini au hisani, isipokuwa wosia wake uwe umeandikwa si chini ya miezi kumi na miwili kabla ya kifo, na uwe umewekwa ndani ya miezi sita mahali palipotambuliwa na sheria kwa kutunzia wosia za watu walio hai.

Rudia kusoma. Maana yake, yule mzee anayemwita padri kitandani Muhimbili na kusema "Baba, shamba langu la Mkuranga liwe la shule" anaweza kuwa anapoteza pumzi. Waliotunga walikuwa na hofu ya makasisi kuwabana wagonjwa, na kwa kweli hofu hiyo si ya kijinga. Huko India kwenyewe, Mahakama Kuu ya nchi ilikibatilisha kifungu kama hicho mwaka 2003, kwa hoja kwamba kinawabagua Wakristo. Sisi tunaendelea kukitunza kama hirizi.

Ndiyo maana nawaambia wa rika langu: wosia si wa wazee. Mzee akiandika wiki ya mwisho amechelewa. Wewe wa miaka thelathini na mbili, andika, weka mashahidi wawili ambao si warithi, peleka RITA wautunze, rudi nyumbani ule pilau. Miezi kumi na miwili itapita huku unacheka.

Halafu usiandike "naiachia shule yetu". Shule, kisheria, kwa kawaida si mtu. Majengo na ardhi vinamilikiwa na bodi ya wadhamini waliosajiliwa ya jimbo au ya shirika la masista. Jina hilo kamili ndilo la kuandika, kisha ueleze ni kwa shule ipi na kwa kazi gani. Nimeshuhudia mabishano ya miaka kwa sababu ya neno moja. Parokia moja huko nyumbani, mzee alitamka mbele ya jumuiya kwamba ekari zake za kahawa ni za shule. Watu wakapiga vigelegele, katekista akaombea. Hakuna karatasi. Alipofariki watoto wakauza robo tatu ndani ya mwaka, na sina ujasiri wa kuwaita wezi: hawakuachiwa maandishi yoyote, na wao walikuwa na shida zao.

Kuhusu kihamba na mashamba ya ukoo, ushauri wangu ni mfupi. Yaache. Utazua vita na shule ndiyo itakayochukiwa. Nyumba unayoishi na mwenzi wako nayo inalindwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huwezi kuifanyia ukarimu bila ridhaa yake. Acha fedha. Acha hisa na vipande. Mali isiyo na kaburi la babu juu yake.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kila jimbo lingekibandika ofisini. Francis Drexel, mwenye benki wa Philadelphia, alifariki mwaka 1885. Sehemu ya kumi ya mali iligawiwa mashirika ya hisani aliyoyataja. Iliyobaki ikawekwa chini ya wadhamini: mabinti zake watatu wale faida tu, na wote wakifa bila watoto, mtaji uende kwa mashirika yaleyale. Binti mmoja, Katharine, akawa sista. Mwaka 1891 akaanzisha shirika lake na kutumia takriban dola milioni 20 kusomesha Wamarekani weusi na wenyeji wa asili ya nchi ile. Chuo kikuu cha Xavier, New Orleans, ni kazi ya mikono yake. Alitangazwa mtakatifu Oktoba 1, 2000, siku moja na Bakhita wetu. Lakini alipofariki mwaka 1955, akiwa na miaka 96, bomba likakatika siku hiyohiyo. Shirika lake halikuwemo kwenye wosia wa baba, kwa kuwa mwaka 1885 halikuwepo. Mtaji ukaenda kulikoandikwa, masista wakabaki na shule na wanafunzi bila chemchemi.

Kwa hiyo andika na njia ya kutokea: kama shule hii imefungwa, au imebadilishwa, fungu langu liende shule nyingine ya jimbo kwa kazi ileile. Kwetu hapa hilo si la kufikirika. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu, shule ya Kanisa, hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Serikali yake, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ikazitwaa shule za misheni, Pugu ikiwemo. Mimi binafsi naona Mwalimu alikuwa na sababu: nchi huru isingeweza kuacha elimu igawanywe kwa ubatizo. Lakini aliyekuwa ameacha fedha kwa ajili ya shule ile naye alikuwa na haki ya kujua zimeishia wapi.

Hapo tumefika kwenye pingamizi la kweli, lile ambalo kundi letu lilikuwa linalizunguka. Wataziiba. Au hawataziiba, zitajenga ukumbi.

Sina jibu tamu. Sheria za Kanisa zenyewe ziko upande wetu: kanuni ya 1267 ya mwaka 1983 inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu, na ya 1300 inataka matakwa ya aliyeacha mali kwa kazi ya Kanisa yatimizwe kwa uangalifu mkubwa. Paroko wako anazijua. Kuzijua na kuzisomea watu hesabu za mwaka ni vitu viwili. Shule inayotaka kuingia kwenye wosia wangu lazima ianze kunionyesha leo, nikiwa hai, mapato na matumizi yake, na watoto wangapi wanasoma bila ada. Asiyeweza kunionyesha matumizi ya elfu hamsini ya harambee nitamwachiaje milioni tano wakati sipo kuuliza?

Wapo watakaosema watoto wangu je? Watapata tisini na tano kwa mia. Kama hizo hazitawatosha, tano zilizobaki zisingewaokoa.

Wangu nimeshauandika, umebaki wazi mstari mmoja. Nimemwandikia mkuu wa shule barua ya heshima, na nakala kwa ofisi ya jimbo, nikiomba jina kamili la bodi ya wadhamini kama lilivyosajiliwa, pamoja na hesabu za miaka miwili. Ni wiki ya tatu sasa. Nimepata jibu moja, kwa simu, kutoka kwa mhasibu: kadi za harambee ya ukumbi ziko tayari, nipitie nichukue ishirini nikagawe.