Afya ya Nyumba: Kipimo cha Damu ya Ovari

Fedha za korosho ziingiapo, nyumba nyingi za Masasi na Newala hutimiza mambo yaliyongoja mwaka mzima. Mojawapo laweza kuwa safari ya mbali kwa ajili ya mke aliyechelewa kupata mtoto. Basi yafaa, kabla fedha hizo hazijatoka mkononi, tueleze kipimo kimoja ambacho sifa zake zimeipita kazi yake.

Yako maradhi ya wanawake ambayo matabibu Stein na Leventhal wa Chicago waliyaeleza mwaka 1935. Leo yakadiriwa kuwa humpata karibu mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Yai halipevuki kwa wakati wake. Vijifuko vya mayai machanga hukusanyika ndani ya ovari. Hedhi huchelewa, na pengine nywele huota kidevuni au chunusi huzidi.

Mashine ya altrasaundi hutuma sauti isiyosikika kwa sikio, nayo hurudi na kuchora picha ya ovari. Kipimo cha Doppler huongeza jambo moja: mwendo wa damu. Asili yake ni elimu aliyoitangaza Christian Doppler, Mwaustria, mwaka 1842. Asimamaye kando ya barabara lori lishukapo kutoka Newala husikia honi yake nyembamba linapomjia, kisha nzito likiisha kumpita. Vivyo hivyo sauti irudiyo kutoka katika damu hubadilika kwa kadiri damu iendavyo, na mashine hulipima badiliko hilo.

Uchunguzi wa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba, kwa wastani, damu hupita kwa wingi zaidi katika nyama ya ovari zenye maradhi haya. Lakini wastani si hukumu ya mtu mmoja, kwani vipimo vya wagonjwa na vya wazima huingiliana. Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 haukukifanya kipimo hiki kuwa sharti. Mwanamke mzima ambaye hedhi yake imevurugika, na dalili za kuzidi homoni za kiume ziko wazi, aweza kutambuliwa bila picha yoyote, baada ya tabibu kuhakikisha kwamba si ugonjwa mwingine.

Msingi, basi, ni hesabu ya siku; na hesabu hiyo mke wa Kiislamu anayo tayari, maana sala na saumu humlazimu kuijua. Aandike tarehe. Ikiwa tangu hedhi moja kuanza hata nyingine kuanza hupita zaidi ya siku 35, au kwa mwaka apata chini ya mara 8, aende na tarehe zake katika hospitali iliyo karibu, kama Mkomaindo ya Masasi au hospitali ya wilaya ya Newala. Apimwe sukari na shinikizo la damu pia, kwani maradhi haya huandamana na kisukari. Na mume asibaki nyumbani: naye apimwe mbegu zake.

Picha ikihitajika, mara nyingi hupigwa kwa ndani. Mke ana haki ya kuelezwa kabla, na ya kuomba mpimaji mwanamke; asiyeolewa hupimwa juu ya tumbo. Ama binti ambaye haijatimia miaka 8 tangu kuvunja ungo, asipimwe kwa ajili ya maradhi haya, kwani ovari zenye vijifuko vingi ni kawaida ya umri huo. Makungwi na walifahamu hili.

Dawa ipo. Vidonge vya letrozoli, vikitolewa na tabibu, huamsha yai, na wanawake wengi wamezaa kwavyo. Hedhi iliyochelewa si utasa, wala si hoja ya talaka. Waume wa Newala na Masasi, yatangulizeni haya machache. Safari ya mbali na ingoje mpaka tabibu aseme kwamba yahitajiwa.