Sikio la Mwanafunzi wa Saikolojia

Elimu ya nafsi ina mtihani ambao elimu ya mawe na nyota haina, nao ni huu: kwa kuwa kila mtu ana nafsi, kila asikiaye habari zake hudhani kwamba alikuwa akizijua tangu azali, akaridhia dai kabla hajadai ushahidi. Kwa hiyo wanafunzi wa saikolojia wanaponitaka shauri juu ya podikasti zinazostahili saa zao, huwaambia wasipime wingi wa wasikilizaji wala utamu wa sauti ya msimulizi, bali wapime jambo moja tu: je, kipindi hicho kina ujasiri wa kurejea nyuma na kukiri kwamba neno lililosemwa jana kwa yakini halikusimama?

Kwa mgeni wa fani, milango mizuri ipo. Hidden Brain ya Shankar Vedantam, iliyoanza mwaka 2015, husimulia tafiti kwa ufasaha unaomsahaulisha msikilizaji msongamano wa daladala. All in the Mind ya BBC Radio 4, ambayo Claudia Hammond ameitangaza kwa miaka mingi, huleta habari za akili na maradhi yake kwa utulivu na insafu. Na Speaking of Psychology, ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, humketisha mtafiti mwenyewe mbele ya kipaza sauti aieleze kazi yake. Nazisifu zote. Lakini hadithi njema ina nguvu ya kuilaza shaka, na mwanafunzi ambaye shaka yake imelala hasomi tena, anaburudika.

Chukua kisa mashuhuri cha watoto na subira. Katika miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwawekea watoto wadogo kitamu kimoja mezani, akawaahidi cha pili iwapo wangengoja. Na baada ya miaka ikasemwa kwamba waliosubiri walifanikiwa zaidi masomoni. Kisa hicho kikaenea duniani kama wahyi. Hata hivyo, mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake, waliochunguza watoto zaidi ya 900, waliona kwamba uhusiano huo ni dhaifu kuliko ulivyosifiwa, na kwamba sehemu yake kubwa hutoweka hali ya nyumbani kwa mtoto inapotiwa hesabuni. Na utafiti wa Bettina Lamm na wenzake ukaonyesha kwamba miongoni mwa watoto wa Wanso wa Kameruni karibu asilimia 70 walingoja, hali wenzao wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Aliyesikia sehemu ya kwanza peke yake amebeba hadithi. Aliyezisikia zote amebeba elimu.

Ndiyo sababu juu ya zile tatu naiweka Two Psychologists Four Beers, iliyoanzishwa na Yoel Inbar na Michael Inzlicht wa Toronto, wala jina lake lisimkwaze msikilizaji asiyekunywa. Wawili hawa walizungumza humo waziwazi juu ya msiba ulioipata fani mwaka 2015, majaribio 100 ya saikolojia yaliporudiwa na matokeo yaliyosimama yakawa kiasi cha theluthi moja na ushei. Inzlicht alikuwa amejenga sehemu ya kazi yake juu ya nadharia kwamba uwezo wa kujizuia huchoka kama msuli. Nadharia hiyo ilipotikisika, hakuificha aibu, alikiri shaka yake hadharani. Mwalimu anayekiri mbele ya wanafunzi humfundisha mtu adabu ya sayansi, ambayo kitabu cha mtihani hakiwezi kumpa.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kusikiliza kwa sikio lililo macho. Mwanafunzi atakaposikia habari za mfungamano wa mtoto na mlezi, na za chumba cha majaribio cha Baltimore ambamo mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuchunguza, akumbuke kwamba kabla ya Baltimore, katika miaka ya 1954 na 1955, Ainsworth huyo aliketi katika nyumba za familia 26 za Waganda, karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao. Na kitabu alichokitoa mwaka 1967 kiliitaja Uganda katika jina lake. Elimu hiyo ilipita kwetu, ikaenda ng'ambo, na leo inaturudia masikioni kana kwamba ni ngeni.

Basi mwanafunzi asikilize akiwa na daftari. Kipindi kikiisha, autafute utafiti wenyewe, aulize watoto waliochunguzwa walikuwa wa nani, wangapi, na nani amelirudia jaribio lile. Kuuliza si ujinga. Na wahadhiri wetu, wenye lugha pana iliyojaa maneno ya moyo, nia, dhamiri na hulka, wafungue vipaza sauti vyao kwa Kiswahili, wasimulie yaliyothibiti na yaliyoanguka kwa uaminifu mmoja, ili mtoto wa Kampala, wa Kigoma au wa Lamu ausikie mchango wa majirani zake katika elimu hii ukitajwa kwa lugha anayoiota.