MWANAGENZI SI BOI WA KARAKANA



Kijana akimaliza kidato cha nne, akasema anataka kujifunza ufundi mitambo, nyumbani panakuwa kama matangani. Ati ameshindwa masomo! Kasumba hii tuliachiwa na mkoloni. Katika reli yake Mwafrika alibeba vyuma na kufuta mafuta. Michoro ya mitambo ilikaa mezani kwa wengine. Nasi tukaamini kwamba kalamu ni ya bwana, spana ni ya mtwana.

Uongo mtupu. Mwanagenzi wa kweli huanza na jiliwa na tupa. Hupewa kipande cha chuma akisawazishe kwa mkono, siku baada ya siku, mpaka akikiwekea guni na kukiinua kwenye mwanga, mwanga usipenye. Ndipo husogezwa kwenye mashine ya kukereza, ambako hupima sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo! Na akitaka kukereza chuma kinachokonda kuelekea ncha, zile hesabu za pembe alizozichukia darasani ndizo zitakazomwambia aiinamishe mashine nyuzi ngapi. (Sisi tuliosomea ualimu tungezifundishia karakanani, wangezipenda.) Je, huyo ndiye aliyeshindwa masomo?

Lakini wako wakosaji wengine, nao hawakuja na meli: ni baadhi ya wenye karakana. Wanampokea kijana kwa jina la mafunzo, kisha mwaka mzima anafagia, anaosha spana kwa dizeli, anatumwa chai. Mashine haigusi. Mkataba hana, posho hana, na akiondoka hana hata karatasi. Huo ni utwana!

Na hasara ni yetu sote. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Vichwa vyake vilitoka Korea ya Kusini. Kila chuma kikilika, tutavuka bahari kuomba kingine?

Mzazi, kabla hujamwacha mwanao karakanani, dai maandishi: atafundishwa kazi zipi, na fundi gani, kwa muda gani, kwa posho ipi, na lini atapelekwa VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo hupima hata ujuzi uliopatikana kazini. Nanyi viongozi wa matawi, piteni karakana moja moja. Waulizeni vijana mara ya mwisho walishika mashine lini. Wakijibu "bado", mwenye karakana aitwe ajieleze mbele ya wazazi wao.